Ua wa Saiprasi: Nani Atashika Makasi?

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Limuru, vitalu vya miche vinakupokea mapema. Mifuko myeusi imepangwa kando ya lami, na saiprasi haikosi kuwa na safu yake ndefu. Endelea mpaka uingie kwenye majani chai na baridi, utawaona wazee wa miche hiyo: nyua nene za tangu enzi za masetla. Baadhi zinanyolewa mpaka leo na zimenyooka. Nyingine ziliachiliwa siku nyingi, zikageuka msitu wa mstari mmoja unaoinamia nyaya za umeme.

Ardhi yenyewe si ile tena. Mashamba yamekatwakatwa, na anayenunua leo hununua hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Paa halijapigwa misumari, tayari anatafuta cha kuwazibia watu macho. Huuliza jambo moja tu: mti upi unakua upesi?

Nimeliweka swali hilo mbele ya watu watano. Ni sauti za kubuni, ndiyo maana nimezipa kazi badala ya majina, ila hoja zao zimezagaa kwenye vitalu vya nyanda za juu kote, Limuru hadi Eldoret, Arusha hadi Njombe. Yupo Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha hesabu na sasa ana ploti. Yupo Mzee wa Kitalu. Yupo Afisa, mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote katika mashamba ya miti ya serikali. Yupo Kijana wa Makasi, anayekata nyua za watu kwa malipo ya siku. Na yupo Jirani, mwenye ng'ombe na ekari moja na nusu upande wa chini. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Mzee, shikamoo. Sina maneno mengi. Nyuma yangu linapanda ghorofa. Nipe kitu kitakachonifunika mwaka ujao.

MZEE WA KITALU: Marahaba. Mwaka ujao ni mabati, Mwalimu, mti hakuna. Lakini ukinipa miaka mitatu, chukua saiprasi. Hapa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua tunapata misimu miwili, udongo mwekundu wenye kina. Mche ukishashika, unapanda mita nzima kwa mwaka, wakati mwingine na zaidi. Panda futi moja kutoka mche hadi mche. Mwaka wa pili zinashikana, wa tatu hata kuku hapiti.

MWALIMU: Na bei?

MZEE WA KITALU: Saiprasi ndiyo nafuu kuliko zote. Mbegu ziko kila mahali, zinaota bila kubembelezwa. Ndiyo maana unaziona nyingi.

AFISA: Ndiyo maana unaziona nyingi, na ndiyo maana niliwahi kuziona zimekufa nyingi. Mzee, usimfichie Mwalimu habari za vidukari.

MZEE WA KITALU: Simfichi kitu, madam. Hayo ni ya zamani.

AFISA: Si ya zamani sana. Vidukari wa saiprasi walionekana Malawi 1986, Tanzania 1988, na kufikia 1990 walikuwa Kenya. Hujificha ndani ya ua, kwenye matawi yaliyobanana, wakifyonza utomvu. Mate yao yana sumu kwa mti, kwa hiyo tawi hukauka hata baada ya wao kuhama. Kwanza utaona majani yanang'aa na kunata kwa ule uchafu wao mtamu, halafu masizi meusi juu yake, halafu ukahawia unaoanzia ndani kwenda nje. Mwenye nyumba huona siku ambayo umeshatokeza upande wa barabara. Wakati huo dawa haisaidii. Kule Malawi walivamia hata mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa, ambao haukuwahi kumkosea mtu.

MZEE WA KITALU: Na serikali ikaleta nyigu.

AFISA: Ikaleta, kweli. Katika miaka ya 1990 nyigu wadogo kutoka Ulaya waliachiliwa Malawi, kisha Kenya. Nyigu jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari, buu likianguliwa linamla akiwa hai. Wamesaidia sana. Lakini vidukari bado wapo, na kiangazi kikikaza wanarudi kwenye ua uliochoka.

Hapa nataka kuongeza jambo ambalo wauza miche hawalipendi. Saiprasi hii, yenye asili ya milima ya Meksiko na Guatemala, haikuwa chaguo la kwanza la wakoloni. Mwanzoni walipanda sana dada yake, makrokarpa, kutoka ufuo wa Monterey huko California. Ilikua mbio, wakaisifu. Ukungu unaoshambulia gome ukaishukia, matawi yakakauka, wapanda misitu wa Kenya wakaiacha na kuhamia hii tuliyo nayo. Upande wa misonobari, radiata, nayo ya California, ndiyo iliyokuwa na mbio kuliko wenzake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ukungu mwingine ukaanza kuidondosha sindano, Tanganyika kisha Kenya, ikaachwa vilevile. Halafu ndipo wakaja vidukari. Sisemi kwamba mti mgeni lazima ufe. Ninasema kwamba mara tatu ndani ya karne moja tumeuchagua mti kwa kasi yake, tukaupanda wa aina moja kila mahali, na kila mara kitu kimeufuata kutoka ng'ambo.

MZEE WA KITALU: Basi kama ni kuogopa ya kawaida, ninayo hii ya rangi ya dhahabu, kwenye vyungu. Watu wa mitaa ya Karen na Runda wanaipenda. Harufu yake ni ya limau.

AFISA: Mzee wangu, hiyo ya dhahabu ndiyo makrokarpa yenyewe. Wameibadilisha nguo tu.

MWALIMU: Dada yangu yuko Mtwapa, kule Pwani, ua wake ni wa mivinje. Majani yake ni sindano, matunda yake ni kama ya misonobari. Kwa nini nisipande huo?

AFISA: Mvinje unafanana na msonobari kwa mbali tu, undugu hawana. Mvinje hutoa maua, na mizizi yake huishi na vijidudu vinavyoipa mbolea ya hewani. Ndiyo sababu uliweza kuota kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, alipoanza kuupanda René Haller mwaka 1971, mahali palipokuwa matumbawe matupu. Huo ni mti wa mchanga na joto. Mwachie dada yako.

Tumrudie Mwalimu. Mpaka hapa wamejadili mti utakufa kwa nini. Nadhani kwa mwenye ploti ndogo hatari kubwa ni kwamba mti hautakufa. Sikiliza mtu wa nne, ambaye huwa hatumuiti mpaka mambo yaharibike.

KIJANA WA MAKASI: Mimi sina vita na saiprasi, inanilisha. Lakini saiprasi ni kama ng'ombe wa maziwa: uwe na harusi, uwe na msiba, lazima mtu aende akakame. Huku Limuru inakua karibu mwaka mzima. Ua mmoja nauingia mara tatu, mara nne kwa mwaka. Mwenyewe akikwama kifedha akaruka mwaka mmoja, nikirudi nakuta imeongeza futi tatu juu na mbavu zimetanuka. Ananiambia, "Rudisha pale ilipokuwa." Siwezi.

MWALIMU: Kwa nini usiweze? Mti si unachipua?

KIJANA WA MAKASI: Mwingine unachipua. Saiprasi hapana. Majani mabichi yako nje tu, mkono mmoja kwenda ndani. Ukipita hapo unakuta vijiti vikavu. Ukikata mpaka kwenye vijiti hapaoti tena, shimo hilo utazeeka nalo. Kwa hiyo ua wa saiprasi unaweza kuuzuia, kuupunguza kwa ndani huwezi. Kila mwaka unanenepa kidogo, hata nikiwa fundi namna gani.

AFISA: Hapo amesema kweli tupu.

KIJANA WA MAKASI: Na kosa lingine ni la mwanzo. Watu husema, "Acha kwanza ifike kimo." Ikifika kimo mbavu zimeshapotea. Pembeni anza kukata mwaka ule ule wa kwanza, kidogo kidogo, ili ishone chini. Juu uache mpaka kimo. Na chini pawe papana kuliko juu, jua lifike miguuni. Wengi wanakata kinyume: juu panene, chini pembamba. Chini panakosa mwanga, panapata upara, mbuzi anapita. Sasa umefanya kazi ya kumficha nani?

MWALIMU: Unene wake ukiwa umetunzwa ni kiasi gani?

KIJANA WA MAKASI: Futi nne. Hiyo ni ya mtu mwenye nidhamu.

MWALIMU: Ngoja basi. Ploti yangu ni futi za mraba 5,000. Nikizungusha ua pande tatu, mbele niache geti, ndani ninabaki na 42 kwa 96. Hiyo ni 4,032. Zimeondoka 968. Karibu sehemu moja ya tano ya ardhi niliyolipia nimewapa saiprasi, na bado sijamwita Kijana.

Hesabu hii ningependa ibandikwe kwenye kila kitalu. Wale masetla walikuwa na mamia ya ekari, na futi nne pembezoni haikuwa kitu kwao. Tumerithi ua wao bila shamba lao.

JIRANI: Nimekaa kimya kwa heshima, Mwalimu, lakini wewe uko juu na mimi niko chini yako. Mwenye ploti ya huku upande wa mashariki alipanda saiprasi, akaiacha. Julai, ile baridi ya ukungu, jua lenyewe linatoka kwa kubahatisha, na hilo dogo linalotoka asubuhi linaishia kwenye miti yake. Nepia yangu kandokando ya mpaka haipandi kufika goti, mizizi inakunywa maji yote. Nikimwambia akate, anasema nikate upande wangu. Nikikata upande wangu unabaki vijiti.

MZEE WA KITALU: Lakini Jirani, upepo je? Mwaka juzi mahindi yako yalilala chini.

JIRANI: Yalilala. Siwezi kukataa.

MZEE WA KITALU: Ukuta wa mawe unaupiga upepo ukaruka juu halafu ukaangukia ndani kwa hasira. Ua wa miti unauchuja. Eneo linalokingwa hufika hata mara 10 ya kimo cha ua. Mtu mwenye shamba akinunua saiprasi hajakosea. Msinifanye mimi mwizi.

Hakuna aliyemwita mwizi, na hoja yake ya upepo ni nzito kuliko alivyoipigania. Kwenye ekari, upande unaotoka upepo, mbali na mboga na mbali na jirani, sijaona mti unaoishinda saiprasi kwa gharama ndogo. Ugomvi unaanza pale ua wa shamba unapoletwa kwenye ploti.

Uingereza waliufikisha ugomvi huo bungeni. Mwaka 1888, katika bustani za Leighton Hall huko Wales, makrokarpa yule yule wa Monterey alichavusha saiprasi ya Nootka, iliyotoka pwani ya kaskazini zaidi ya Amerika. Porini miti hiyo isingekutana abadani. Mtoto wao, anayeitwa Leylandii, ana mbio kuliko wazazi na hakomi kwa kimo ambacho mwenye nyumba anakitaka. Baada ya miaka mingi ya majirani kufikishana pabaya, ikatungwa sheria ya 2003 ambayo sehemu yake ya nyua ndefu ilianza kutumika England Juni 2005: safu ya miti miwili au zaidi ya kijani kibichi mwaka mzima, ikizidi mita 2 na kumzuilia jirani raha ya nyumba yake, halmashauri inaweza kuagiza ipunguzwe.

MWALIMU: Sasa nipande nini? Mmeniondolea saiprasi, hamjanipa kitu.

AFISA: Podo. Ni mti wa hapa hapa, wa jamii hiyo hiyo kubwa ya misonobari, ingawa majani yake ni bapa na tunda lake lina nyama. Vidukari wa saiprasi hawaugusi. Na tofauti iliyo muhimu kwako: podo ukiikata hata kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani, inachipua. Ua ukinenepa, Kijana anaurudisha.

KIJANA WA MAKASI: Podo naipenda. Mara moja au mbili kwa mwaka, basi.

MZEE WA KITALU: Mwambieni pia kwamba ni mvivu. Futi moja kwa mwaka, ukiibembeleza.

AFISA: Ni kweli. Msituni ilikatwa kwa mbao ikapungua sana, na uvivu wake ndio uliofanya watu wasione haja ya kuirudisha.

JIRANI: Na mtarakwa? Babu zetu walichimbia nguzo za mtarakwa, mpaka leo mchwa hajazigusa.

AFISA: Mtarakwa ni mti mkubwa kwa heshima, upo tangu milima ya Uarabuni hadi Zimbabwe. Panda mmoja kwa ajili ya wajukuu. Kwa ua, hapana: haurudi ukikatwa ndani, na vidukari wanaujua.

JIRANI: Mimi bado nasema kayaba. Ina miiba ya kidole kizima. Podo haimzuii mwizi.

MWALIMU: Mwizi nina mbwa. Ninachoogopa ni macho ya ghorofa ya tatu.

KIJANA WA MAKASI: Hapo sasa, Mwalimu, niruhusu swali. Utakaa wapi?

MWALIMU: Barazani. Asubuhi, na chai yangu.

KIJANA WA MAKASI: Na dirisha la hilo ghorofa litakuwa juu kiasi gani?

MWALIMU: Futi 25, tuseme. Jengo liko futi 20 nyuma ya mpaka. Baraza langu liko futi 30 ndani. (Anachukua kijiti, anachora kwenye udongo.) Kichwa changu nikiwa nimekaa ni futi 4. Kutoka dirishani hadi kwangu ni futi 50, mteremko wa futi 21. Kwa hiyo ua ulio mpakani, ili ukate mstari huo, lazima uwe… karibu futi 17.

JIRANI: Futi 17! Mimi nitahama.

MWALIMU: Na nikiweka kizuizi karibu na kiti, tuseme futi 6 kutoka nilipo… futi 6 na nusu. Saba inatosha.

Mzee wa Kitalu aliutazama mchoro kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyopenda tuone. Mimi pia. Miaka yote watu wameweka ulinzi wa macho mpakani kwa sababu mpaka ndio walioulipia wakili, wakati jicho halijui mpaka. Kinachozuia jicho kwa gharama ndogo ni kile kilicho karibu na anayetazamwa. Fremu ya nguzo nne na mmea utambaao itamficha Mwalimu barazani ndani ya mwaka, kabla mche wowote wa Mzee haujafika kimo cha mtu. Na ua wa nyuma, ukishaondolewa kazi ya kupigana na ghorofa ya tatu, unaweza kuwa wa futi saba tu, na kwa futi saba hakuna tena haja ya mti wa mbio.

MZEE WA KITALU: Sawa. Podo ninazo, za kimo cha goti. Lakini si nyingi.

MWALIMU: Upande wa nyuma tu. Futi 50, nikipanda kila futi mbili ni 26. Pande mbili zilizobaki waya unatosha kwa sasa.

KIJANA WA MAKASI: Usipande kwenye mstari wa mpaka. Ingia futi tatu. Vinginevyo nitakatia wapi upande wa nyuma, hewani?

MWALIMU: Futi tatu tena?

KIJANA WA MAKASI: Au ukamwombe mwenye ghorofa nipite kwake na ngazi, kila mwaka, na wapangaji wake wakinitazama.

MWALIMU: Haya, tatu. Mzee, uniletee mvua za Machi zikishakolea, ardhi iwe imelowa mpaka chini. Si mapema.

MZEE WA KITALU: Na saiprasi nilizokwisha kukuhesabia?

JIRANI: Nipe bei ya hizo. Upepo wangu unatoka upande wa juu, kule karibu na mwenye matuta ya viazi.

AFISA: Jirani!

JIRANI: Nitazikata, madam.

KIJANA WA MAKASI: Utazikata au utaniita?

JIRANI: Nitakuita. Nizipande mbali na mpaka wake kiasi gani?

KIJANA WA MAKASI: Kimo chake, ukitaka mwenye viazi asikuchukie. Unataka ua wa futi 20, rudi ndani futi 20.

JIRANI: Hiyo si itakula nepia yote? Mzee, nihesabie 100 kwanza.